Agizo la Kumpunga Mheshimiwa

Nchi yenyewe msiitafute kwenye ramani, mtajichosha bure. Ramani zake zote ziko ofisini kwa Waziri zinahakikiwa, na kazi hiyo sasa iko katika mwaka wa kumi na mbili. Inaitwa Jamhuri ya Shukurani, mji wake mkuu ni Asanteni, na kiongozi wake hawamwiti rais. Rais, wanasema, ni neno la watu wanaokuja wakaondoka. Wao wana Mheshimiwa Mkaaji, ambaye siku alipoapishwa aliulizwa angekaa muda gani, akajibu, "Ngojeni kwanza ninywe maji." Miaka thelathini na mmoja imepita, na watu wa kule ni waungwana, hawapendi kumkatiza mtu anayekunywa.

Katika mji huo aliishi Msabaha Kitwana, karani wa Idara ya Miitikio katika Wizara ya Habari na Furaha. Kazi yake ilikuwa kusoma barua za watazamaji wa televisheni ya taifa na kuzijazia fomu. Fomu ilikuwa na visanduku viwili tu. Kimoja kiliandikwa "Ameridhika". Cha pili kiliandikwa "Ameridhika, anaomba aongezewe". Kwa miaka ishirini na miwili Msabaha hakuwahi kupata barua isiyoingia katika kimojawapo. Hata yule mzee aliyeandika kwamba televisheni imemlipukia na kumchomea pazia aliingia kwenye cha pili bila matatizo.

Mambo yakaja kuharibika kwa sababu ya jini.

Televisheni ile ilikuwa na tamthilia moja ambayo watu waliipenda kwa hiari yao, "Mpangaji wa Darini". Aliyeiandika ni Mwanakombo, mdogo wake Msabaha, baba mmoja mama mmoja. Ilikuwa habari ya jini aitwaye Dumudumu, aliyeingia nyumba ya watu kama mgeni wa siku tatu, akapanda darini, akakaa misimu tisa. Alikula vya watu, akawapa watoto wao majina mapya, na akitaka kulala mchana nyumba nzima ilitakiwa ipumue polepole. Kila mwisho wa msimu Bi Chiriku, fundi wa kupunga majini, alipanda ngazi na chetezo chake cha ubani akamuuliza, "Utatoka lini?" Na jini, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, hujibu, "Nitoke niende wapi?"

Hapo nchi nzima hucheka mpaka ikafuta machozi. Neno hilo likaenea kila mahali. Mchezaji mmoja wa Asanteni alionyeshwa kadi nyekundu, akakaa chini katikati ya uwanja, akamwambia refa, "Nitoke niende wapi?" Refa naye alikuwa mpenzi wa tamthilia. Aliifikiria hoja ile, akaona ina uzito, akairudisha kadi mfukoni.

Sasa Mwanakombo akatangaza kwamba msimu wa kumi ndio wa mwisho, na safari hii jini anatoka. Weee! Watu walijiandaa kama wanaokwenda harusini. Siku ya kipindi cha mwisho, saa kumi na moja jioni, hata polisi waliwaomba wezi wasubiri. Bi Chiriku akapanda ngazi. Akauliza swali lake. Jini akafungua kinywa ajibu, na hapo hapo picha ikakatika, ikaingia Kamati.

Kamati, jamani! Watu watano wenye suti, ambao katika misimu yote kumi hawakuonekana hata wakipita njia, mmoja wao kitambulisho cha wizara bado kinaning'inia shingoni. Wakasoma karatasi kwamba imethibitika jini Dumudumu ndiye aliyeijenga ile nyumba kwa kuikalia, na kwa hiyo anaongezewa sebule na jiko. Wenye nyumba wakahamia kwenye banda la kuku huku wakipiga vigelegele. Ikaandikwa MWISHO, wimbo wa taifa ukapigwa.

Kilichotokea ni hiki. Siku mbili kabla, Waziri wa Habari na Furaha, Mheshimiwa Profesa Daktari Makanyaga, aliletewa kipindi kama Mwanakombo alivyokiandika, jini anatoka na madirisha ya darini yanafunguliwa. Waziri akauliza swali moja tu.

"Huyu anatoka kwa nini?"

Akasimamisha picha, akamwonyesha jini kwa kidole.

"Amekaa, amezoea, hana ugomvi na mtu. Anatoka kwa nini? Nani anawafundisha watu habari za kutoka?"

"Mheshimiwa," Mwanakombo akasema, "anatoka kwa sababu nyumba si yake."

Alilisema kwa upole, wala hakuinua sauti. Siku ileile akapelekwa Nyumba ya Mapumziko ya Taifa, mahali pazuri sana, vitanda vina vyandarua vipya, na milango inafungwa kwa nje ili wageni wasisumbuliwe.

Msabaha hakuruhusiwa kumwona. Alirudi kwenye meza yake, na barua za watazamaji zikaanza kuingia kwa magunia.

Wakazi wa Mtaa wa Heko waliandika kwamba wamekwisha kuwatoa kuku mabandani, wanataka tu kujua wahamie tarehe ngapi. Bi Kijakazi, mjane, aliandika kwamba anamkalia eda Bi Chiriku na asigongewe mlango miezi minne na siku kumi. Jirani yake akamjibu katika barua nyingine kwamba eda hukaliwa mume, si fundi. Mwalimu mmoja wa hesabu alieleza kwamba aliitupa televisheni yake dirishani, kisha akashuka kuifuata, maana marudio ni wiki ijayo na alitaka kukasirika vizuri zaidi. Na kikaja kikaratasi kisicho na jina, maneno manne tu: "Kamati ndiyo jini mwenyewe." Msabaha akakisoma mara tatu, akacheka peke yake, kisha akaingiwa na hofu akakiweka ndani ya soksi.

Tatizo lilikuwa visanduku. Alijaribu kila njia. Aligeuza fomu juu chini. Barua elfu sita, na hakuna hata moja iliyokubali kuingia.

Alhamisi asubuhi Waziri akamwita.

"Msabaha, mdogo wako hajambo. Anapumzika."

"Nashukuru, Mheshimiwa. Atapumzika mpaka lini?"

"Mpaka watazamaji waridhike." Waziri alikuwa anakula embe kwa uma, na alilila taratibu. "Sisi si watu wabaya. Wakiridhika Jumamosi, anatoka Jumamosi. Wasiporidhika, ndiyo hivyo, kitanda chake hakina mwingine anayekitaka."

Huyu Mwanakombo, Msabaha alimlea mwenyewe. Mama yao alipofariki, yeye kijana wa miaka kumi na saba ndiye aliyekuwa akimsuka nywele aende shule, tena akimsuka vibaya, mtoto anakwenda darasani njia za kichwa zimepinda kama za panya, na hakulalamika hata siku moja. Angetoa mkono wake mmoja mtoto yule atoke. Lakini alichoombwa ni furaha ya watu milioni tisa, na hiyo hakuwa nayo.

"Nimeshapata dawa," Waziri akasema. "Jumamosi saa nne asubuhi, Mheshimiwa Mkaaji atafika Uwanja wa Pongezi. Wananchi wote watampungia mkono. Anayepunga ameridhika, asiyepunga tutamwona. Itarushwa moja kwa moja nchi nzima, wewe utajaza fomu palepale, nami nitapiga simu afunguliwe. Kaandike agizo."

Msabaha akaandika kwa mwandiko wake safi: *Wananchi wote wajitokeze kumpungia mkono Mheshimiwa Mkaaji.* Akalipeleka. Waziri akatoa kalamu nyekundu.

"Mkono? Huoni kwamba mkono ulikuwa alama ya chama cha upinzani?"

"Chama kile kiliishi siku nne, Mheshimiwa."

"Siku nne nyingi. Ondoa mkono." Akakata. Kisha akaikazia macho karatasi, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Na hili neno. Kumpungia. Mbona nasikia kupungua humu ndani? Nani kapungua? Mheshimiwa Mkaaji hapungui, anaongezeka."

"Kupungia na kupungua, Mheshimiwa, ni maneno mawili…"

"Unanifundisha Kiswahili? Mimi, Profesa wa Kiswahili Sanifu?"

Na kweli alikuwa Profesa. Cheo alikiomba mwenyewe kwa barua, na kwa kuwa barua ilipitia mezani kwake, akaijibu. Akaitia kalamu ile *i* iliyokaa kati ya *g* na *a*, akaitoa kama mtu anayetoa mbu kwenye chai. Agizo likabaki hivi: *Wananchi wote wajitokeze kumpunga Mheshimiwa Mkaaji.*

Msabaha akalisoma upya. Mtu ukimpungia, umemsalimu kwa mbali. Mtu ukimpunga, unamtoa shetani.

"Mheshimiwa, likibaki hivyo watu watadhani Mheshimiwa Mkaaji ana…"

"Ana nini?"

Hebu mwambieni nyinyi angejibu nini, ndani ya ofisi ile, chini ya picha ya Mheshimiwa Mkaaji, na mdogo wake amefungiwa kwa nje.

"Hana kitu, Mheshimiwa."

"Basi sema ndiyo."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Lilimtoka lenyewe. Katika Jamhuri ya Shukurani mtoto hufundishwa kusema ndiyo kabla ya kusema mama, na wengi hawaendelei zaidi ya hapo.

Agizo lilisomwa redioni Ijumaa. Mtangazaji akalisoma mara ya pili, maana hata yeye alihisi halikupita vizuri kooni. Kisha watu wakatoka nje wakakumbatiana. Serikali imesikia! Wamemnyima Bi Chiriku nafasi kwenye tamthilia ili wampe mwananchi mwenyewe, ana kwa ana, tena kwa mhuri! Ubani ukaisha madukani kabla ya adhuhuri. Bi Kijakazi akakatiza eda.

Jumamosi saa tatu Uwanja wa Pongezi ulikuwa umefurika. Watu walikuja na ngoma, shuka nyeupe, vyetezo na makaa. Aliyewaongoza ni Bi Mize, fundi wa kweli, mwanamke mfupi mwenye miwani ambaye Mwanakombo alikwenda kuketi naye miezi mingi alipokuwa anamtunga Bi Chiriku. Polisi wa getini akamzuia.

"Shikamoo, bibi. Hizi ngoma za nini?"

"Marahaba. Za kumpunga Mheshimiwa. Agizo hili hapa."

Polisi akasoma neno kwa neno. Akauona mhuri. Akapiga saluti, akamshikia gunia la makaa akambebea mpaka ndani.

Msabaha alikuwa chini ya jukwaa, fomu mkononi, pembeni ya Waziri. Alikuwa hajala tangu jana.

"Mbona hawapungi?" Waziri akauliza.

"Wanajiandaa, Mheshimiwa."

Mheshimiwa Mkaaji akafika na msafara wake, akapanda, akakaa. Alipozisikia ngoma uso ulimchanua. Akatikisa bega la kulia, kisha la kushoto, na watu wa mbele wakatazamana: anapandisha pepo! Bi Mize akapanda jukwaani, akamzungushia chetezo kichwani mara tatu, Mheshimiwa akapiga chafya kwenye kipaza sauti, na taifa zima likamwambia afya.

"Bwana mkubwa uliyepanda, tunakusalimu kwa heshima," Bi Mize akaanza. "Umetoka wapi?"

Mheshimiwa Mkaaji hajawahi kukipita kipaza sauti bila kukitumia. Alidhani ni mahojiano.

"Nimetoka mbali na nyinyi!"

"Unataka nini?"

"Nataka sanamu yangu ya bandarini iongezwe urefu, uwanja huu upewe jina langu la pili, na ile halua nyeusi niliyoizoea isichelewe!"

Watu wakaitikia kwa vichwa. Ndivyo pepo wanavyoombaga.

"Tumesikia. Utatoka lini?"

Ndipo ile *i* ilipomrudia Waziri, na Msabaha alimwona anavyoitafuta hewani kwa macho. Mheshimiwa Mkaaji akatazama kushoto, akatazama kulia, akacheka kidogo, na kwa sauti ya mtu aliyeonewa akasema:

"Nitoke niende wapi?"

Lo! Uwanja ulianguka. Watu walicheka wakashikana, wengine wakalala majanini, polisi wa getini akavua kofia akaing'ata. Mheshimiwa naye akafurahi mno, akaona jinsi anavyopendwa. Msabaha peke yake hakucheka. Alikuwa anaitazama fomu na kuhesabu hatua kutoka pale hadi Nyumba ya Mapumziko.

Bi Mize pia hakucheka. Akangoja kelele ziishe.

"Bado moja. Kiti chako ni nani?"

Kwa mafundi, kiti ni mtu. Ni yule maskini ambaye pepo amemkalia, akimla nguvu na kusema kwa mdomo wake. Lakini Mheshimiwa Mkaaji aliposikia neno kiti alisimama wima, mkono kifuani.

"Kiti changu ni wananchi! Nimewakalia nyinyi miaka thelathini na mmoja, mnanibeba bila kunung'unika, na nikisema lolote mnaitikia nyinyi!"

"Alaa," Bi Mize akasema polepole. Akashuka ngazi za jukwaa moja moja, chetezo mkononi. Alipofika chini akawageukia watu. "Jamani, tumekosea. Tunamhangaikia asiyeumwa. Dawa hapewi pepo, hupewa kiti. Kaeni chini nyote."

Wakakaa. Ngoma ikabadilika, ikawa ya chini, ya taratibu. Bi Mize na wenzake wakapita safu kwa safu na moshi. Watu walitarajia mayowe, watu kuanguka, labda kitu chenye mkia. Wapi. Mwanamume mmoja karibu na goli akapiga mwayo. Mwayo mrefu, wa kumtoa machozi. Jirani yake naye akapiga, na wa nyuma yake, ukaenda hivyo uwanja mzima, na wanasema hata waliokuwa majumbani kando ya redio, wenye ubani na wasio nao, uliwapitia. Ulipomfikia Msabaha taya lilimlia ko! akahisi kitu kidogo kimemtoka kooni, kitu alichokuwa nacho siku nyingi hata akadhani ni sehemu ya koo.

Juu ya jukwaa Mheshimiwa Mkaaji akaona ndio wakati wa kufunga sherehe. Akauliza alivyouliza kila mwaka.

"Wananchi, mmeridhika?"

Midomo ikafunguka. Hakuna kilichotoka. Hawakuwa wamekaidi, masikini. Wengine walijishika koo kwa mshangao.

"Nasema, mmeridhika?"

Mtoto mmoja akaendelea kumenya chungwa.

Waziri akamkamata Msabaha kola. "Itikia wewe! Sema ndiyo, moja inatosha, tuko hewani! Unamtaka mdogo wako au humtaki?"

Wallahi Msabaha alimtaka. Alivuta pumzi, akalitafuta lile neno mahali lilipokuwa likikaa miaka yote, akalisukuma kwa nguvu zake zote. Alimwona Mwanakombo na nywele zake zimepinda. "N…" akasema. "N…" Likatoka kohozi. Akakaa chini majanini, fomu ikamponyoka, akalia mbele za watu bila kujificha, maana alijua amemfunga kwa mdomo wake mwenyewe.

Waziri alikuwa tayari kwenye simu. "Nyumba ya Mapumziko? Ongezeni kufuli! Yule mwandishi asitoke hata nikifa! Umenielewa?"

Upande wa pili alikuwa mlinzi aitwaye Sudi, mtu mtiifu, mwenye cheti cha utiifu. Alikuwa ameifuata sherehe yote kwenye redio. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba alipiga hatua, akabana visigino, akafungua kinywa aseme "Ndiyo, Mheshimiwa", akakuta hapana kitu. Akajaribu tena. Akaweka simu chini polepole. Akabaki amesimama na ufunguo mkononi, na kwa kuwa kwa mara ya kwanza maishani hakuwa amekubali jambo, hakujua mtu asiyekubali hufanya nini. Akaona labda hufungua.

Msabaha alikuwa bado analia majanini alipohisi mkono begani. Mwanakombo alikuwa amesimama pale, amekonda, viatu kavishika, miguu imejaa vumbi la njia nzima. Alimshika uso kaka yake akaupangusa kwa kanga. Kisha akatazama huku na huku, watu wanakunja shuka zao, ngoma zinafungwa kamba, Waziri anamwambia dereva awashe gari na dereva anapiga mwayo. Akatazama jukwaani.

"Kaka. Ametoka?"

Msabaha akainuka akajikung'uta majani. Sauti ilikuwa haijamrudia sawasawa.

"Umetoka wewe," akasema. "Twende nyumbani."

Wakashikana mikono wakaelekea getini, na umati wote ukielekea hukohuko. Nyuma yao kipaza sauti kilikuwa bado kinauliza, "Jamani, mmeridhika? Mmeridhika?" Hakuna aliyegeuka.